Pikipiki za umeme zaja: Nani atabaki na kazi Mpanda?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

WAKATI vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya magari vya Marekani na Ulaya vikivutana na waajiri juu ya magari yanayotumia umeme, mafundi na wauza spea wa Mpanda wanaweza kusema kuwa ugomvi huo hauwahusu. Mkoa wa Katavi hauna kiwanda cha magari. Lakini ajira zinazoishi kwa injini ya petroli ziko tele mkoani humo, na nyingi hazina chama, hazina mkataba wa maandishi na hazina kiinua mgongo. Mabadiliko yakifika, hapatakuwa na mgomo wala meza ya mazungumzo. Kutakuwa na duka lililofungwa tu.

Mtaji uliowekwa humo si mdogo. Kuanzia stendi ya Mizengo Pinda hadi soko la Buzogwe, kutoka Makanyagio hadi Nsemulwa, usafiri wa mjini ni bodaboda na bajaji. Nyuma ya kila pikipiki kuna mlolongo wa watu: mwenye chombo, dereva, fundi, muuza oili, muuza spea, kijana wa kuziba pancha, na mwenye kituo cha mafuta. Huko vijijini kuna pia mama anayeuza petroli kwa chupa kandoni mwa barabara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 Katavi, kutoka 564,604 mwaka 2012. Mkoa uliozidisha watu mara mbili kwa miaka kumi umezidisha pia safari, mizigo na pikipiki.

Swali la mwekezaji mdogo ni hili: katika mlolongo huo, nani anapoteza pale injini inapoondolewa na betri ikawekwa?

Hesabu ya mafuta

Wafanyabiashara wa Mpanda wanajua kuwa petroli yao ni ghali. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo kwa kila mji, na kwa kuwa mafuta husafirishwa kwa malori kutoka bandarini, Mpanda kwa kawaida huwa juu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya Sh 100 kwa lita. Umeme hauna tabia hiyo. Uniti moja kwa mteja wa kawaida wa biashara ndogo ni Sh 292 kabla ya kodi na tozo, au Sh 356.24 pamoja nazo, awe Kariakoo au Kashaulili. Ni bidhaa adimu ambayo mkazi wa Katavi huinunua kwa bei ile ile ya mkazi wa pwani.

Tuchukue dereva anayekwenda kilometa 100 kwa siku. Pikipiki ya cc 125 ikienda kilometa 40 kwa lita, anahitaji lita mbili na nusu. Kwa bei ya mfano ya Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 7,500. Pikipiki ya umeme yenye ukubwa unaokaribiana itahitaji uniti nne hadi tano kwa umbali huo, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Uniti tano ni Sh 1,781. Tofauti ni zaidi ya Sh 5,700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inakaribia Sh 149,000 kwa mwezi, na hapo oili haijaguswa. Kwa mwendo huo dereva makini wa petroli hubadili oili mara mbili au tatu kwa mwezi. Wa umeme habadili kabisa.

Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angedhani pikipiki ya petroli imeshakufa. Haijafa, na kwa Katavi itachukua muda. Betri ya kawaida ya pikipiki ya kazi humaliza chaji kati ya kilometa 60 na 90, kutegemea mzigo na mwendo. Hiyo inatosha kuzunguka mjini na kurudi. Dereva anayekwenda Sitalike, kilometa zipatazo 35, anaweza kwenda na kurudi kwa wasiwasi. Anayebeba magunia kutoka Mishamo au abiria wa Karema, katika barabara ya vumbi kiangazi na tope masika, hawezi kutegemea betri moja. Hakuna mahali pa kuibadili njiani.

Umeme wenyewe una historia yake hapa. Kwa miaka mingi TANESCO iliwasha Mpanda kwa jenereta za dizeli, nje ya Gridi ya Taifa, na mwenye saluni au mashine ya kusaga alijua maana yake. Njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga imejengwa ili kuuingiza mkoa katika gridi, ambayo tangu Aprili 2025 ina mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, jumla ya megawati 2,115. Kuchaji pikipiki kwa umeme wa jenereta ya dizeli kulikuwa ni kichekesho: mafuta yale yale, safari ndefu zaidi. Umeme wa gridi unabadili hesabu hiyo.

Majirani wametangulia

Si lazima kutazama mbali. Mjini Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya biashara ya abiria haisajiliwi isipokuwa iwe ya umeme. Kampuni ya Ampersand ilianza huko mwaka 2019 kwa utaratibu wa kubadilishana betri: dereva ana chombo, kampuni ina betri, na ikiisha chaji anakwenda kituoni na kupewa iliyojaa. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024, ikazuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Kenya ina Roam, iliyofungua kiwanda chake cha pikipiki Nairobi mwaka 2023, na BasiGo, ambayo mabasi yake ya umeme yanaunganishwa katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, Thika. Uganda ina Kiira Motors, shirika la serikali lenye kiwanda Jinja, linalotengeneza basi liitwalo Kayoola. Kwa upande wa Tanzania, Dar es Salaam imeona bajaji za umeme, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria hadi Dodoma. Reli ya Mpanda, ile ya kutoka Kaliua, bado ni ya zamani na vichwa vyake ni vya dizeli.

Tazama mahali ajira mpya zilipo katika orodha hiyo: Nairobi, Thika, Jinja, Kigali. Kuunganisha pikipiki kunahitaji karakana, umeme wa uhakika na makontena ya vipuri yanayotoka bandarini bila kuzunguka. Kwa Tanzania, viwanda vya kuunganisha magari vimekaa Kibaha, ambako GF Vehicle Assemblers huunganisha malori katika eneo la TAMCO, kule kule ambako zamani yaliunganishwa malori ya Scania. Mpanda haiwezi kutarajia kiwanda. Itapokea bidhaa, na pamoja nayo itapokea upungufu wa kazi.

Wenzao wa ng'ambo walifanya nini

Huenda msomaji akajiuliza mfanyakazi wa Detroit ana funzo gani kwa fundi wa Makanyagio. Analo, ingawa si lile linalosemwa mara nyingi.

Chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, kiligoma tangu Septemba 15, 2023 dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis kwa wakati mmoja. Baada ya wiki sita hivi kilipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 25 katika mkataba unaokwenda hadi Aprili 2028. Magazeti mengi yaliishia hapo. Jambo lililokuwa na uzito zaidi kwa muda mrefu lilikuwa betri. Kampuni zilikuwa zimeanzisha viwanda vya betri kwa ubia na kampuni nyingine, na wafanyakazi wake walikuwa nje ya mkataba mkuu, kwa mishahara ya chini. General Motors ilikubali kuwaingiza wafanyakazi wa ubia wake wa betri katika mkataba huo. Chama kilikuwa kimeelewa kuwa kazi inahama kutoka kwenye injini kwenda kwenye betri, na kikaifuata inakokwenda.

Ujerumani, chama cha IG Metall kilifikia makubaliano na Volkswagen Desemba 2024: nafasi zaidi ya 35,000 zitapungua hadi mwaka 2030, lakini kwa watu kustaafu mapema na kuondoka kwa hiari, bila kufukuzwa. Ubelgiji haikuwa na bahati hiyo. Kiwanda cha Audi cha Brussels kilifungwa Februari 28, 2025, na wafanyakazi wapatao 3,000 wakapoteza kazi. Ajabu ya kiwanda hicho ni kuwa kilikuwa kinatengeneza gari la umeme. Gari lenyewe halikuuzika vya kutosha.

Kwa hiyo wale wanaosema kuwa umeme ndio utakaoleta ajira, na wale wanaosema ndio utakaoziua, wote wanarahisisha. Kazi hufuata soko, na mgawo wa hasara hutegemea nani alikuwa mezani wakati wa kuandika mkataba. Mwenye chama aliondoka na kitu mkononi.

Fundi asiye na mwajiri

Tanzania nayo ina sheria ya kupunguza wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi au za mabadiliko ya teknolojia awape taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kiwango cha chini, na huhesabiwa hadi miaka kumi. Asiyeridhika hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Chama chenyewe kinaweza kuanzishwa na wafanyakazi ishirini.

Neno kubwa katika yote hayo ni "mfanyakazi". Mhudumu wa kituo cha mafuta aliyeajiriwa anaingia humo, na chama kama TUICO kinaweza kumsajili. Karani wa duka la jumla la spea naye yumo. Fundi wa chini ya mwembe hayumo. Anajiajiri, na vijana wake wawili au watatu ni wanafunzi wa kazi, wanaolipwa chakula na chochote kilichopatikana siku hiyo. Dereva wa bodaboda ya mkataba hayumo pia: mbele ya sheria anaonekana kama mtu anayenunua pikipiki kwa awamu. Deiwaka, anayeazima chombo cha mwenzake kwa saa chache, hayumo kabisa.

Madereva wa mabasi walikuwa waajiriwa kweli, na bado walilazimika kugoma Aprili na Mei 2015, nchi nzima ikakwama, kwa sababu wengi hawakuwa hata na mkataba wa maandishi. Ikiwa mtu aliyeendesha basi la mamilioni kati ya Dar es Salaam na Mwanza hakuwa na karatasi, ya fundi wa Mpanda tusiyaulize.

Njia nyingine ipo, na imejaribiwa Uganda. Chama cha wafanyakazi wa usafirishaji huko, ATGWU, kilikuwa kimenyong'onyea baada ya kampuni za mabasi ya umma kufa. Badala ya kungoja waajiri warudi, kilifungua mlango kwa vyama vya bodaboda na teksi viingie kama vyama, kila kimoja na watu wake. Idadi ya wanachama ikapanda kupita kiasi ambacho chama hicho hakikuwahi kukiota. Dereva mmoja anayebishana na kampuni ya betri juu ya bei ya kubadilishiwa ni kelele tu. Madereva elfu wanaobishana kupitia chama kimoja ni mteja ambaye kampuni haiwezi kumpoteza.

Mpanda ina vijiwe vya bodaboda vyenye viongozi, daftari na mfuko wa kusaidiana msibani. Huo ni msingi. Mafundi hawana hata hicho.

Spea zipi zife, zipi zibaki

Kwa mwenye duka, jambo la kufanya ni kutazama rafu yake na kuigawa. Upande wa kwanza ni vitu vinavyokufa na injini: pistoni na ringi, vali, bloku, kabureta, plagi, klachi pleti, sailensa, filta, na oili. Upande wa pili ni vitu ambavyo umeme hauvigusi: tairi na tyubu, beringi, shokapu, breki shuu, taa, vioo, viti. Pikipiki ya umeme ni nzito zaidi kwa sababu ya betri na huondoka kwa nguvu, kwa hiyo tairi na breki huenda vikaisha upesi zaidi. Cheni na spoketi viko katikati: aina nyingine huwa na mota ndani ya ringi ya nyuma na hazina cheni kabisa.

Ubaya ni kuwa upande wa kwanza ndio wenye faida. Tairi hununuliwa mara chache na kila mtu anajua bei yake. Oili na klachi pleti hununuliwa kila mara, na hapo ndipo duka hulipa pango. Fundi naye hivyo hivyo: pancha ni fedha ya chai, lakini kushusha injini na kuchonga bloku ndiyo kazi iliyojenga nyumba.

Hii haina maana kuwa mtu akimbilie kuuza akiba yake kwa hasara. Pikipiki za petroli zilizopo Katavi zitatembea kwa miaka mingi bado, na chombo kinavyozeeka ndivyo kinavyokula spea. Muuza spea anaweza kupata miaka mizuri kabla ya kushuka. Kosa litakuwa kwa yule anayefungua duka jipya leo kwa mkopo, akajaza bloku na kabureta za miaka mitano, akidhani soko litakaa kama lilivyo. Agizo dogo la mara kwa mara kutoka Kariakoo lina gharama ya usafiri, lakini halimfungi mtu.

Vivyo hivyo kwa anayefikiria kituo cha mafuta. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa na mpango wa kukopesha wanaojenga vituo vidogo vya mafuta vijijini, kwa lengo zuri la kuondoa petroli ya chupa na ya madumu majumbani. Kwa kijiji cha Katavi chenye matrekta, mashine za kusaga na malori ya mazao, kituo hicho bado kina maisha. Dizeli haijapata mshindani huko. Kwa kituo cha pembeni mwa mji kinachotegemea bodaboda peke yake, mwenye kukopa afanye hesabu upya.

Mkataba utabadilika

Wawekezaji wadogo wengi wa Mpanda hawana duka. Wana pikipiki moja au tatu "barabarani". Walimu, wauguzi, wakulima waliolipwa tumbaku, na vikundi vya vijana vilivyopata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ambao vijana hutengewa asilimia nne, wamenunua pikipiki na kuzitoa kwa mkataba. Kwa mfano, chombo cha Sh milioni 2.8 kinatolewa kwa Sh 10,000 kwa siku kwa siku 400. Mwenye mali anapata Sh milioni 4, dereva anabaki na chombo. Ni biashara iliyoeleweka, hatari zake ni wizi, ajali na dereva kutoroka.

Biashara hiyo inasimama juu ya jambo moja ambalo halisemwi: baada ya siku 400 pikipiki lazima iwe na thamani. Dereva anavumilia hesabu ya kila siku kwa sababu mwisho wa safari kuna mali. Katika pikipiki ya umeme, thamani kubwa iko kwenye betri, nayo huchoka kwa kuchajiwa. Betri ikiwa ni ya kwake, baada ya mkataba dereva anarithi chombo kinachohitaji kitu cha ghali kuliko vyote kilichomo. Betri ikiwa ni ya kampuni, anarithi fremu na magurudumu ambavyo havitembei bila ya kampuni hiyo.

Hapa ndipo ile akiba ya Sh 5,700 kwa siku inapotakiwa kuangaliwa kwa jicho kavu. Mwenye kuchaji nyumbani kwa bei ya TANESCO anaipata yote. Anayebadilishiwa betri kituoni analipa bei ya kampuni, ambayo ndani yake kuna betri, kituo, mfanyakazi na faida. Kampuni haitauza kwa bei ya uniti. Itauza kwa bei iliyo chini kidogo ya petroli, kiasi cha kumvuta dereva. Hakuna ubaya katika hilo, ni biashara. Lakini dereva asihesabu kama yake akiba ambayo tayari ina mwenyewe. Na petroli ina EWURA wa kuweka kikomo cha bei. Nani ataweka kikomo cha bei ya kubadili betri?

Kuna la pili, na kwa mafundi ndilo zito. Kampuni nyingi za aina hii hutengeneza vyombo vyao zenyewe, kwa mafundi wao. Betri hufungwa, na tatizo husomwa kwa programu ya kompyuta ambayo haiuzwi dukani. Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilienea Tanzania kwa sababu zilifunguka: kijana wa darasa la saba aliweza kuishusha injini, kuielewa na kuirudisha, na spea ilipatikana hadi Inyonga. Ufundi huo ulisambaa bila ya chuo. Chombo kisichofunguka kinaondoa si kazi ya leo tu, bali na njia ambayo kijana asiye na cheti alipitia kuingia katika kazi.

VETA imekuwa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa, anasaidiwa pale alipopungua, na kupewa cheti. Ukiongezewa somo la mota, kontrola na usalama wa betri, cheti hicho kingemfaa fundi kuliko semina kumi. Betri hizi si za kuchezea. Hushika moto zikitobolewa au zikichajiwa vibaya. Mafundi wa redio na sola wa Mpanda, ambao wamezoea mita na waya, huenda wakawa na nafasi nzuri kuliko mafundi wa injini. Wengi hawajalifikiria hilo.

Shaba ya Kapalamsenga

Upande mmoja Katavi inaweza kupata badala ya kupoteza. Gari la umeme hutumia shaba ipatayo kilo 80, ikilinganishwa na kilo 23 hivi kwa gari la petroli, na nyaya za kusambazia umeme huo zinahitaji nyingine. Mkoa una shaba, ikiwemo ya Kapalamsenga katika Wilaya ya Tanganyika, na una wachimbaji wadogo. Mwaka 2017 serikali ilizuia kupeleka nje mchanga wa madini ghafi, kwa hiyo anayetaka faida lazima afikirie uchenjuaji, na uchenjuaji unataka umeme wa uhakika. Tunarudi kwenye gridi.

Wazee wa Mpanda hawatashangaa kusikia habari za betri na madini. Mji huu ulikuzwa na mgodi wa risasi wa Uruwira Minerals, na ni kwa ajili ya madini hayo Waingereza walivuta reli kutoka Kaliua, ikafika mwaka 1950. Risasi ndiyo madini ya betri za zamani za magari. Mgodi ulifungwa kuelekea Uhuru, wachimbaji wakatawanyika, na mji ukabaki na reli bila ya mzigo ulioijengea. Mzigo mwingine ulikuja baadaye: mahindi, mpunga, tumbaku, abiria. Sasa unazungumzwa mpango wa SGR hadi Karema kwenye bandari ya Ziwa Tanganyika, ili kuifikia Kongo, nchi yenye shaba na kobalti kuliko mahali pengi duniani.

Kwa mwenye fedha msimu huu, soko la pikipiki za petroli Mpanda bado limechangamka, hasa baada ya wakulima kulipwa. Wanunuzi wa mkataba wapo na spea zinatoka. Mwenye kutaka kujaribu umeme aanze na chombo kimoja cha mjini, chenye betri anayoimiliki na inayoweza kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida. Kabla ya kutia sahihi asome vifungu vitatu: betri imedhaminiwa kwa miaka au mizunguko mingapi, fundi wa nje akiifungua dhamana inakufa au haifi, na kampuni ikifunga ofisi betri inabaki kuwa ya nani. Muuzaji asiyeweza kujibu hilo la tatu kwa maandishi, mnunuzi na abaki na fedha yake.